Chiriku na Maneno ya Malkia

Kila jioni, akishaosha vyombo, Chiriku aliketi kwenye kompyuta ya kaka yake, kando ya cherehani ya mama, akacheza gemu ya mtandaoni ya wafalme na mazimwi. Jina la Chiriku alipewa na wenzake kwa sababu ya mdomo wake usiokauka maneno. Sehemu mpya ya gemu ilipotoka, aliimaliza kabla ya wote, akatamba darasani mpaka wakamchoka.

Basi mwalimu wa Kiswahili akaagiza kila mmoja ahakiki hadithi yoyote, aeleze ubora na udhaifu wake. Atakayewashinda wenzake atawakilisha darasa kwenye mashindano ya shule. Chiriku aliitaka nafasi hiyo kufa na kupona, akachagua hadithi ya gemu yake.

"Ubora ni mandhari," alisema mbele ya darasa. "Pango la mazimwi linatisha hata mchana kweupe! Udhaifu ni huu: malkia anamsaliti kaka yake bila sababu. Mtunzi ametuacha kwenye mataa."

Wakapiga makofi. Kisha Miwani, msichana mpole wa dawati la mbele, akanyoosha mkono.

"Mbona malkia alieleza sababu, pale darajani kabla ya vita? Uliyasikiliza mazungumzo?"

Jamani! Chiriku alijua amenaswa. Kila wahusika walipoanza kuzungumza, yeye alibonyeza "Ruka" ili awahi vitani.

"Niliyasikiliza yote," akajibu. "Hakusema kitu. Labda wewe uliota!"

Darasa likaangua kicheko.

"Ubishi wa nini?" mwalimu akasema. "Twendeni chumba cha kompyuta. Miwani, utatufungulia hapo darajani."

Wakabanana nyuma ya kiti cha Miwani. "Mwota ndoto!" mmoja akamnong'oneza. Miwani akashika kipanya, machozi yanamlengalenga. Ndiye aliyesema kweli, na ndiye aliyekuwa akichekwa. Roho ikamuuma Chiriku, akaona aibu isiyo na kifani.

"Usibonyeze!" akapaza sauti. "Niliruka mazungumzo yote, mwalimu. Nimesema uongo. Nisamehe, Miwani."

Hakuna aliyecheka tena. Nafasi ya mashindano akapewa Miwani. Chiriku alilia njia nzima, lakini alipofika nyumbani alirudi pale darajani kwenye gemu, akamsikiliza malkia mpaka mwisho. Kesho yake akaomba kusimama tena.

"Sababu ipo, na inauma," alisema. "Kaka yake aliwauza raia ili aokoe ngome. Ila malkia anatusimulia yote kwa hotuba ndefu. Laiti tungemwona raia mmoja tu, tungelia naye."

Miwani ndiye aliyeanza kupiga makofi.

"Njia ya mwongo ni fupi, wanangu," mwalimu akasema. "Na usihukumu maneno usiyoyasikiliza, yawe ya malkia au ya mwenzako. Leo Chiriku amehakiki hadithi. Jana alihakiki kidole chake cha kuruka mazungumzo."