Chumba Kilichojaa Viazi

Kila asubuhi kabla ya kwenda shuleni, Jamuna aliteka maji, akafagia ua, kisha akala ugali wa ulezi pamoja na mama na bibi yake. Asubuhi moja ya mvua, bibi alimwongezea kazi.

"Mwalimu wako akiuliza tena, mwambie chumba cha juu kimejaa viazi."

"Lakini bibi, viazi vyenyewe..."

"Wewe! Unataka Pariyar akanyage kizingiti changu?"

Mwalimu Sabina Pariyar alikuwa mwalimu wa kwanza wa hisabati kuja kijijini baada ya miaka mitatu. Jina lake lilikuwa la ukoo wa washona nguo, ambao wazee waliwaona najisi na hawakuwaruhusu kuingia majumbani. Nyumba tisa zilikuwa zimemnyima chumba. Akapanga mbali, sokoni, na kila siku alitembea mwendo wa saa mbili kuja, saa mbili kurudi. Jamuna alimhitaji sana. Alitaka kusomea uhandisi wa maji, na bila kufaulu hisabati katika mtihani wa darasa la kumi, nafasi hiyo asingeipata.

Hata hivyo, alipoulizwa, alijibu, "Kimejaa viazi, mwalimu."

"Haya," alisema mwalimu, akikamua shali yake iliyolowa.

Somo la siku hiyo lilikuwa ujazo. Mwalimu alimwita Jamuna ubaoni akokotoe ujazo wa chumba cha juu cha nyumbani kwao. Mita nne kwa tatu kwa mbili: mita za ujazo ishirini na nne.

"Gunia moja la viazi huchukua sehemu ya kumi ya mita ya ujazo. Mnayo mangapi?"

Jamuna angeweza kutaja idadi yoyote.

"Manane," alinong'ona. Akakokotoa. Viazi vilijaza sehemu moja tu kati ya thelathini za chumba.

"Lo! Viazi vya kwenu vinalala kifalme!" mwanafunzi mwenzake Dhanbir alipiga kelele, na darasa zima likacheka.

Mwalimu hakucheka. "Hesabu yako ni sahihi," alisema. "Kaa."

Jioni Jamuna alimweleza mama yake kila kitu. Kesho yake mama alifika shuleni na ufunguo mkononi.

"Mwalimu, hamia kwetu leo. Utakula nasi jikoni."

"Asante, dada. Umechelewa." Mwalimu alimwonyesha barua ya uhamisho. "Nilivumilia miezi minne. Ijumaa naondoka."

"Nani atatufundisha?" Jamuna aliuliza.

"Sijui, mdogo wangu."

Mama alikwenda kwenye kamati ya shule, akasimama mbele ya wanaume kumi na mmoja hadi wakaandika kwamba chumba kile ni cha mwalimu ajaye, awe wa ukoo wowote. Bibi alinuna mwezi mzima. Vipindi vya hisabati vikawa vya kucheza mpira.

"Mwalimu mwingine atakuja lini, mama?"

"Pengine mwakani. Wewe utakuwa umeshafanya mtihani." Mama alimtazama machoni. "Usije ukamwambia mtu kwamba hatukuletewa mwalimu. Tuliletewa. Bibi yako alimkataa, mimi nikanyamaza, wewe ukadanganya. Ukitumwa uongo, mwanangu, hata na mtu unayemheshimu, kataa papo hapo. Hesabu yako ilikuwa sahihi, lakini ukweli wako ulifika mwalimu akiwa ameshachoka."