Kidani cha Haramia

Alhamisi ile Mwanne alichambua kisamvu, akakitwanga, akakiinjika jikoni, kisha akajifunga kanga kiunoni na kwenda kibanda cha mbele kumsaidia mumewe. Ulikuwa mwezi wa kumi, mwaka wa sabini na mbili. Mvua zilikuwa hazijafika. Vumbi la mtaa wa Gongoni lilikuwa limetanda juu ya mabati, juu ya kuku, hata juu ya kope za watu.

Mumewe, Twalibu, alikuwa sonara. Babu yake alikuja Tabora na misafara ya pwani, akiwa na nyundo na koleo zake, akaoa Mnyamwezi, wala hakurudi alikotoka. Tangu hapo hapana mtu wa ukoo ule aliyeiona bahari. Kazi ya Mwanne ilikuwa kuvuta mivukuto, kupuliza moto mpaka makaa yawe meupe. Walikuwa wamefanya hivyo miaka ishirini na miwili, na mara nyingi asubuhi nzima ilipita bila wao kusema neno.

Saa nne hivi akaingia Bi Kherunisa, mjane wa Fakhrudin aliyekuwa na duka la vitambaa. Ghorofa yao ilikuwa imetaifishwa mwaka uliopita, mumewe alikuwa amefariki tangu mwezi wa saba, na sasa alikuwa amekata tiketi: treni ya jioni hadi Dar es Salaam, kisha meli ya kwenda Bombay, kwa dada yake. Alifungua leso na kuweka kitu mezani.

"Fundi, niyeyushie hii. Mbele ya macho yangu."

Ilikuwa sarafu ya fedha, nzito, kubwa kuliko zile reali kuukuu ambazo watu walimletea Twalibu awafulie bangili. Upande mmoja ilichongwa merikebu. Upande wa pili alisimama mwanamke, nywele zikipeperuka, mkononi ameshika upanga.

"Ni nani huyu?" aliuliza Twalibu.

"Haramia wa baharini, wa zamani sana. Alikuwa akiteka merikebu za watu. Sasa huko ng'ambo wamemtengenezea sarafu kumuenzi, na marehemu akaiagiza kwa posta. Unajua alivyopenda kukusanya sarafu." Bi Kherunisa alitazama nyuma yake, kisha akashusha sauti. "Aliivaa shingoni, ndani ya kifuko, siku arobaini. Mimi ndiye niliyemvua. Saa ile ile akafa. Amekaa barazani, kwenye kiti, jua la saa sita. Nguo zake zilikuwa chapachapa, fundi. Maji yanamtoka puani. Nilionja. Ya chumvi."

Twalibu alitikisa kichwa kwa heshima, kama mtu anavyomsikiliza mfiwa. Lakini Mwanne aliyaona macho yake. Hayakuwa kwa mjane. Yalikuwa kwenye sarafu, kwenye zile nywele zilizochongwa unywele mmoja mmoja. Kazi ya mkono namna ile hakuwahi kuiona maishani.

Akaiweka kwenye kiganja. Akainama juu ya moto. Mkono wa kushoto ukapita chini ya wa kulia, na kilichodondoka kwenye kijungu cha kuyeyushia kikawa reali moja iliyosagika.

Mwanne aliona. Mumewe alimtazama mara moja tu. Harusi ya binti yao, Zamda, ilikuwa imebaki wiki sita, na shingo ya Zamda haikuwa na kitu. Mwanne akainamisha uso, akavuta mivukuto.

Bi Kherunisa alisimama pale mpaka fedha ikawa maji. Akalia, akawapa mkono wote wawili. Kwenye kidole chake iling'aa pete ya nyota ambayo Twalibu mwenyewe alimfulia alipoolewa.

"Mungu awalipe," alisema, akaenda zake.

*

Zamda alikipenda kidani. Baba yake alikuwa ametoboa sarafu juu kidogo ya kichwa cha yule mwanamke, akapitisha mkufu mwembamba. Siku za kwanza hapakuwa na neno, isipokuwa msichana alikunywa maji mengi. Alimaliza mtungi akaomba mwingine.

"Midomo yangu ina chumvi, mama."

Mwanne akadhani ni homa.

Wiki ya pili, Zamda akawa anakaa kwenye kizingiti cha ua mchana kutwa, miguu imepanuliwa, akiyumba. Mbele, nyuma. Mbele, nyuma. Pole pole, kama anayebembeleza mtoto. Mwanne alipomshika bega ili atulie, mwili wa msichana ulitulia. Ardhi iliyo chini ya miguu ya Mwanne ndiyo iliyoyumba.

Aliachia haraka. Hakumwambia mtu.

Kisha vikaanza kuonekana vitu kwenye beseni.

Lilikuwa beseni la bati la kuogea, huegemezwa ukutani likiwa kavu. Siku moja baada ya adhuhuri Mwanne alilikuta limelazwa katikati ya ua, na ndani yake bangili ya Bi Mwamvita wa nyumba ya tatu. Imelowa. Siku ya pili, hereni za mke wa muuza mkaa. Siku ya tatu, mikufu miwili iliyofungana, na mmoja ulikuwa umekatika kama ulionyofolewa shingoni kwa nguvu.

Bi Mwamvita alikuwa mjumbe wa nyumba kumi. Alikuja mwenyewe, akaingia mpaka uani bila kubisha hodi. Zamda alimwamkia shikamoo pale kizingitini. Hakuitikiwa.

"Mwanne, sisi ni majirani, kwa hiyo nakuja kwako kabla sijaenda ofisi ya chama," alisema. "Bangili hii nilikuwa nimeivaa. Unanisikia? Nimeivaa. Nasuka mkeka barazani, mchana kweupe, nikahisi mkono wa baridi. Nikatazama, haipo. Watu wameanza kusema nyumba hii inafuga kitu. Na binti yako anaolewa."

Mwanne alimrudishia bangili kwa mikono miwili. Bi Mwamvita aliipokea, akaifuta kwa kanga, akainusa. Akarudi nyuma hatua moja.

"Hii ni harufu gani?"

Mwanne hakuijua. Hakuna mtu pale uani aliyeijua. Ilikuwa harufu ya kitu kilichooza mahali pakubwa sana, penye upepo.

Jumatatu iliyofuata, wiki ya tano, beseni lilikuwa na pete moja tu.

Pete ya nyota.

Twalibu aliichukua, akaigeuza, akaitafuta alama yake ndani. Ilikuwapo. Unywele mrefu wa mvi ulikuwa umejizungusha kwenye pete mara tatu. Akaketi chini, palepale juu ya udongo.

"Bi Kherunisa kaondoka nayo kidoleni," alinong'ona. "Mwanne. Kaondoka nayo."

"Nilikuona siku ile," alisema Mwanne.

"Najua uliniona."

"Nikanyamaza."

Waliinuka wote wawili, wakaenda kizingitini.

Zamda alikuwa akiyumba. Macho yalikuwa wazi. Baba yake alipiga goti mbele yake, akaunyosha mkono kwenye mkufu, na msichana akaushika mkono ule. Sauti yake ilikuwa yake mwenyewe, ndogo, ya woga.

"Baba, usinivue."

"Kwa nini, mwanangu?"

"Ukinivua nitazama. Yeye kaniambia. Ananishika kwa juu, baba. Chini yangu hakuna kitu. Ni maji tu, maji meusi. Akiniachia naenda."

"Anataka nini?"

Zamda alifikiri, kama anayesikiliza mtu aliye mbali.

"Watu wa chomboni. Anasema chombo ni kikubwa na watu hawamtoshi."

Mwanne alimkumbuka Fakhrudin kwenye kiti. Mimi ndiye niliyemvua, alisema mjane. Saa ile ile. Alitaka kusema tumwite shehe, tumwite mganga wa Itetemia, tungoje. Lakini midomo ya binti yake ilikuwa imeanza kuwa ya bluu.

Twalibu alikuwa amekwisha amua. Mwanne aliliona hilo mgongoni mwake kabla hajafungua mdomo.

"Mwambie sikuvui nikakuacha hivihivi. Mwambie atapata mwingine badala yako. Sonara. Kazi najua." Akainamisha kichwa mpaka kikagusa kichwa cha mwanawe. "Zamda, usiivue. Ipitishe kwangu. Mkufu ni mrefu. Usiuachie mpaka niwe nimeuvaa."

Vichwa viwili vikawa ndani ya mkufu mmoja. Kisha kimoja.

Zamda akaangukia ubavu, akavuta pumzi kwa kelele, kama mtoto aliyezaliwa sasa hivi.

Twalibu alisimama. Miguu ilikuwa imepanuka. Aliyumba mara moja, akashika ukuta.

"Kibandani," alisema. "Upesi. Vuta moto."

*

Jua lilikuwa utosini. Nje watu walipita na baiskeli zao, redio ya jirani ilitangaza mambo ya kilimo. Mwanne alivuta mivukuto. Makaa yakawa mekundu, yakawa ya manjano, yakawa meupe.

Twalibu aliinama juu ya kijungu, mkufu ukiwa bado shingoni, akaiteremsha sarafu ndani huku ameishika kwa koleo. Hakuivua. Uso wake ulikuwa karibu na moto kiasi kwamba nyusi ziliungua. Na bado uso ule ulikuwa unatiririka maji.

Akakohoa. Maji yakamwagika juu ya makaa. Moto ukalia, mvuke ukapanda.

Mwanne akasita.

Mumewe alinyanyua mkono wa kushoto, mkono ule ule, akapunga. Vuta. Hakuweza tena kusema. Mdomo ulikuwa umejaa.

Akavuta.

Sarafu haikuyeyuka. Fedha yoyote ingekuwa imekwisha kuwa maji. Mwanamke alikuwa amesimama mle ndani, mwekundu, na nywele zake zilipeperuka. Mwanne aliziona zikipeperuka.

Vuta, ulisema mkono.

Akavuta. Alilia, akavuta. Nguo za mumewe zilikuwa zimemgandama mwilini. Maji yalishuka kwenye viwiko vyake, yakachuruzika miguuni mwa meza, yakamfikia Mwanne kwenye nyayo. Yalikuwa ya baridi. Angeweza kumvuta mumewe nyuma. Ilikuwa hatua mbili tu. Nje kule, kizingitini, Zamda alikuwa anakohoa, na kila mivukuto ilipolegea kikohozi kile kilizidi.

Akavuta.

Kitu kikapasuka kwenye kijungu, kama jino. Upanga ukaanguka. Halafu mkono. Halafu ule uso ukageuka, ukamtazama Mwanne, ukawa fedha tu, fedha ya maji isiyo na sura.

Ule mkono haukupunga tena.

Waliomwosha Twalibu walisema maji hayakuwa yakiisha. Walimkausha mara tatu. Mara ya nne wakaifunga sanda hivyohivyo, ikiwa imelowa, wakaenda kuzika. Bi Mwamvita, kwa ombi la Mwanne, aliandika barua Bombay kumuulizia Bi Kherunisa. Haikujibiwa kamwe.

Eda ilipokwisha, Zamda aliolewa bila ngoma. Alikuwa amenona kidogo, anacheka tena, na kwa siku zile hakukumbuka chochote ila kiu. Bwana harusi, Shaban, alikuwa karani wa reli, mzaliwa wa Pangani, akikaa mtaa wa Chemchem. Siku ya kuchukua vyombo vya mkewe alikuja na rafiki yake na mkokoteni. Walibeba sanduku, wakabeba vinu, mwisho wakainua kitanda cha kamba ambacho Zamda alikilalia tangu usichana.

"Mama," aliita Shaban kutoka chumbani. Sauti yake haikuwa ya kawaida. "Samahani. Kitanda hiki mmekitoa wapi?"

"Kwa seremala, hapo sokoni. Miaka kumi sasa. Hakijawahi kutoka humo ndani."

Walikuwa wamekigeuza miguu juu. Mwanne aliingia, akainama kutazama. Chini ya mbao za ubavu, na kwenye miguu yote minne, palikuwa pameota vitu vyeupe, vigumu, vyenye ncha, vimesongamana kama vipele. Mamia. Alijaribu kubandua kimoja kwa ukucha. Kilikuwa kimeshika mti kwa nguvu.

"Hawa nawafahamu tangu utoto," alisema Shaban taratibu. "Tulikuwa tukiwakwangua. Huota chini ya chombo kikikaa baharini muda mrefu, kikisafiri."

Mwanne aliweka sikio karibu na mguu wa kitanda. Alikuwa anasikiliza. Chumba kilikuwa kimya, na ndani ya kimya kile kulikuwa na mlio mdogo, mwembamba, wa mamia ya vinywa.

Walikuwa hai, wanafumbua na kufumba.