Mgeni Aliyesindikizwa

Kochi la pembeni lilikuwa limelowa, na hakuna aliyelikalia.

Devota aliligusa, akanusa vidole. Chumvi, na mwani uliooza. Akawasingizia mashabiki wenzake wa filamu. Kila Jumamosi mchana walijazana sebuleni kwake mtaa wa Usagara, si mbali na bahari, kutazama filamu za madude ya baharini: yeye, mumewe Wilfred, majirani wawili watatu, na Shabbar wa duka la vitambaa, mleta filamu. Bisi, soda, mapazia yamefungwa. Walikuwa na mchezo wao: dude likiibuka majini, wote hupaza sauti, "Karibu ndani!" kisha hucheka mpaka machozi. Raha yake usiseme.

Jumamosi hiyo, kabla kochi halijalowa, umeme ulikuwa umekatika katikati ya filamu. Runinga imezima kabisa, wakasikia mlangoni sauti nzito, kama ya mtu mwenye maji kooni: "Hodi."

Devota, kwa mazoea ya mchezo, akapaza, "Karibu ndani!" Wakaangua kicheko. Shabbar alipofungua mlango, hakukuwa na mtu.

Tangu hapo Leticia, binti yao wa pekee, akawa anatapika maji ya chumvi. Hospitali walipima wasione kitu. Kila alipolazwa kitandani nyumbani ilisikika pumzi ya pili kando yake, ya majimaji, ikisogea siku hadi siku karibu na kinywa cha mtoto, mpaka Devota, aliyemkumbatia huku akisali rozari, akawa hajui tena anayekoroma kifuani pake ni mwanawe au ni yule mwingine.

Ndipo Shabbar alipomleta Mwalimu Masoud, mganga wa kijiji cha Moa.

"Shikamoo, mwalimu. Niokolee mwanangu. Kama ni kuchukua, anichukue mimi," Devota alimsihi.

"Marahaba. Sema polepole, anatusikia," alinong'ona mganga. "Huyu hakutumwa na mtu. Ni mgeni. Nani alimkaribisha?"

Devota akaangua kilio.

"Basi mgeni hafukuzwi, mama. Husindikizwa, tena na aliyemkaribisha. Mfikishe baharini, muage vizuri, urudi."

Alitoka mchana uleule, peke yake, akiongea na hewa kwa adabu kama anayeongea na mkwe, pita huku mgeni, angalia gari mgeni, na kando yake nyayo za maji zikichapika kwenye lami ya moto, zikikauka, zikichapika tena, mpaka mawimbi yakamfika magotini.

"Kwaheri, mgeni. Asante kwa kuja. Kwetu padogo, na mtoto anaumwa. Nenda salama, nakusihi."

Bahari ikatulia. Devota akarudi mbio, analia kwa furaha.

Leticia alikuwa ameketi sebuleni anakunywa uji, pumzi yake nyepesi, Wilfred kando yake. Devota akasimama mlangoni, akamfungulia mikono.

Mtoto hakumkimbilia. Alitazama juu ya bega la mama yake, akaweka kikombe chini, kama alivyofunzwa.

"Shikamoo," alisema.

"Marahaba, mwanangu," ikaitikia sauti ile nzito nyuma ya Devota. "Mama yako kanisindikiza mbali mno. Nikaona si adabu arudi peke yake."