Maji ya Moto Bila Hodi

"Pauni mia mbili na arobaini, kwa paipu na kijivali?" Harrison alichekea puani. "Wewe Zulfikar ni fundi au mwizi?"

"Mwizi angevunja dirisha," fundi alimjibu. "Mimi nimepiga kengele."

Walikuwa wamebanana mbele ya kabati la tangi la maji moto, nyumbani kwa Harrison, Ilford, London, Jumamosi moja mchana mwaka 1999. Nyuma ya kabati lile palikuwa na chumba cha Peris, bintiye wa miaka minne. Vali ya usalama ilikuwa ikidondosha maji, na Harrison, mhasibu aliyedhani tai shingoni inamfanya ajue kila kitu, alikuwa ameiziba kwa kifuniko cha shaba. Tangi likizidi moto, mvuke hauna pa kutokea. Zulfikar, aliyejifunza ufundi kwa kuunguza vidole vyake mwenyewe, alimwambia wazi kwamba amemwekea mwanawe bomu kichwani ili aokoe matone.

Hapo mtu akasonya. Msonyo mrefu, wa dharau.

"Usinisonye nyumbani kwangu."

"Sijasonya. Nilidhani ni wewe."

Wote wawili wakaitazama faneli, pale kwenye paipu ya kutolea maji panapoachwa uwazi ili tone lionekane. Ilikuwa kavu, na ilinuka udi. Harrison akasema ni hewa tu. Mtu wa namna ile hata jini akimkalia mapajani atasema ni hewa.

Ubishi aliumaliza mkewe, Marion, nesi aliyetoka shifti akiwa bado na viatu vya kazini. Alisema atalipa yeye, na mwanawe halali tena kando ya kitu kile kikiwa kimezibwa. Zulfikar akafanya kazi. Alibadilisha vali, akapitisha paipu mpya ukutani mpaka kwenye kimfereji cha uani chenye wavu wa chuma. Likabaki jaribio: kuzungusha kishikio cha vali, maji ya moto yashuke.

Lakini kwanza aliinamia faneli. Kwao Mombasa hakuna anayemwaga maji ya moto mferejini kabla ya kutaja bismillahi, ili wenyeji wa chini wapate kuwaondoa watoto wao.

"Umeitwa kufunga bomba, si kuliswalia," Harrison alisema. Kabla fundi hajatamka neno, akapitisha mkono juu ya bega lake, akazungusha kishikio.

Maji yakanguruma kuteremka. Kisha kutoka uani kikaja kilio chembamba, kama cha mtoto wa siku chache, kikapanda ndani ya paipu kikiyapita maji yaliyokuwa yakishuka, kikatokeza kwenye faneli pamoja na harufu ya nywele zilizoungua, halafu kikaiacha paipu na kuingia ukutani, wakakisikia kikitambaa nyuma ya plasta, polepole, kama anayepapasa kutafuta mlango, kikielekea chumba cha pili ambako Peris alikuwa akiwavisha wanasesere wake, mpaka kikakatika, na baada yake wakasikia kitanda kile kidogo kikilalamika kana kwamba aliyekikalia ni mtu mzima.

Marion alifika wa kwanza. Peris alikuwa amekaa katikati ya kitanda, gauni limelowa na linafuka mvuke, lakini mama alipomshika mkono, ulikuwa baridi kama wa maiti anaowaosha kazini. Mikono yote miwili mtoto aliikunja kifuani, akibembeleza kitu kisichoonekana.

"Fanya kitu," Harrison alinong'ona.

"Sasa ndipo unataka niswali?" Zulfikar alinong'ona naye. Hata hivyo alisoma dua, kwa sababu mtoto hakuwa na kosa. Alisoma mpaka jasho likamtoka kidevuni, na Peris akamsubiri amalize, kwa subira ya mtu aliye kwenye foleni.

Alipomaliza, mtoto yule, aliyezaliwa hapahapa London na siku zote akiulizwa na wazazi wake kwa Kiswahili hujibu kwa Kiingereza, alifungua kinywa na kusema Kiswahili cha pwani, kilichonyooka, kwa sauti ya mwanamke aliyekwisha kulia akamaliza.

"Fundi simdai," alisema. Akamgeukia Harrison. "Mkono ulikuwa wako. Nyumbani mwako nimeshaingia, na huyu nimemshika."

Marion alipiga magoti akauliza anataka nini, chochote, aseme tu.

"Nataka mwanangu."