Kona Iliyolowa

Kila Jumamosi, akishaosha vyombo vya kifungua kinywa, Josie Wrobel hubeba boksi lake la viatu hadi dukani kwa Bi Verna. Bosi wa duka hilo ni mama wa makamo mwenye miwani mbili, moja puani na nyingine kichwani. Huko watoto wa mtaa ule wa Toledo hubadilishana kadi za wachezaji wa besiboli, na hutambiana zaidi kuliko wanavyobadilishana.

Jumamosi moja rafiki yake, Dexter Pruitt, alikuja na kadi moja tu. Ilikuwa na picha ya kijana mwembamba aliyeinua mkono kurusha mpira.

"Huyu ni babu," alisema Dexter. "Mwaka 1968. Alicheza msimu mmoja, wakamchapia kadi moja, na nyumbani tumebaki na hii tu."

"Mbona uso una ukungu?"

"Ni nta. Si unajua zamani kadi ziliuzwa pamoja na chingamu, zimefungwa kwa karatasi ya nta? Ikayeyukia hapa. Jumapili ya wiki ijayo babu anatimiza miaka themanini, na mama anataka kuitia kwenye fremu."

"Nipe mimi. Nimeshasafisha mamia."

Ukweli ni kwamba Josie hakuwahi kusafisha hata moja.

"Mamia?" Dexter alimkazia macho. "Usinitie matatani, Josie."

"Utaipata inang'aa kama kiatu cha bwana harusi."

Jioni Josie alilowesha kitambaa, akakitia tone la sabuni ya vyombo na kuanza kusugua kwenye kona. Nta haikutoka. Kilichotoka ni rangi. Kona ikavimba kama mkate uliotiwa kwenye chai, na uzi mweupe wa karatasi ukachomoza. Josie aliinua mkono upesi.

Kaka yake, Gus, aliyesikia majigambo yake kule dukani, alichungulia juu ya bega lake. "Lo, fundi wa mamia! Ikate hiyo kona kidogo kwa mkasi. Ukipunguza pande zote sawasawa, nani atajua?"

Mkasi ulikuwa pale pale mezani. Josie aliushika, akaupima kwenye ukingo wa kadi. Kijana mwenye mkono juu alikuwa kama anamtazama ndani ya ule ukungu. Akauweka chini.

Jumatatu, baada ya masomo, alikwenda dukani akiwa ameibeba kadi katikati ya kurasa za daftari. Bi Verna alishusha miwani ya kichwani.

"Umetumia maji."

"Ndiyo, Bi Verna."

"Na sabuni?"

"Tone moja."

"Tone moja, mtoto wewe. Kadi ni karatasi, si sahani." Hakupaza sauti. "Mkasi umeugusa?"

"Niliushika tu. Sikukata."

"Afadhali. Kadi iliyokatwa haina dawa, na anayeikata akanyamaza ni mwongo hata asipofungua kinywa."

Aliilaza kadi katikati ya karatasi mbili nyeupe, kavu, akaibana chini ya vitabu vizito. "Isiguswe hadi Alhamisi."

Alhamisi kona ilikuwa imelala, ingawa alama nyeupe ilibaki. Bi Verna alitoa soksi ndefu ya nailoni, safi, na kadi kuukuu isiyo na thamani. "Jaribu kwanza kwenye hii. Mikono mikavu. Sugua polepole, bila kukandamiza, usoni tu penye mng'ao. Mgongoni usiguse."

Josie alijaribu mara kumi kwenye kadi kuukuu. Ndipo akapewa ile ya Pruitt. Ukungu wa nta ulififia kidogo kidogo, mpaka macho ya yule kijana yakaonekana vizuri.

"Na kona je?" aliuliza.

"Kona hiyo haitibiki kwa soksi," alisema Bi Verna. "Kaiseme kwa wenyewe."

Jumamosi Josie alimweleza Dexter kila kitu barazani kwa akina Pruitt, pamoja na habari ya mamia. Dexter alinuna.

"Kumbe hata moja hukuwahi? Na mimi mjinga nikakupa babu yangu mzima!"

"Mlete huku huyo mjinga mwenzako," sauti iliita kutoka ndani. Babu Pruitt alikuwa amesikia yote. Aliipokea kadi na kuisogeza karibu na dirisha, akaitazama kwa muda mrefu.

"Miaka mingi sijajiona macho," alisema. Kisha kidole chake kikapita juu ya ile kona. "Mwaka ule nilirusha mpira ovyo, tukashindwa. Kocha aliponiuliza, nikasema kidole kinauma. Hakikuuma. Mechi zote zilizofuata akaniweka benchi ili kipone, na sikupata tena pa kusema ukweli. Kosa lile lilikuwa la mpira mmoja. Uongo ndio ulionilia msimu. Wewe, binti, umekosea Jumamosi ile na umesema Jumamosi hii. Hapo umenishinda."

Josie aliinamisha kichwa. "Samahani, babu."

"Basi, siku nyingine usijitape kwa kazi usiyoijua, uliza kwanza. Dexter, leta kalamu na kipande cha karatasi."

Dexter alileta, akiwa bado amenuna kidogo. Mzee akamwamuru Josie aandike, naye akaandika kwa mwandiko wake bora. Jumapili wageni walipoinama kuitazama fremu, chini ya kijana aliyeinua mkono walisoma: *Imesafishwa na Josie Wrobel. Kona ililowa. Alisema mwenyewe.*