Maji ya Alfajiri

Fundi wa pampu alikuwa amepiga magoti kwenye sakafu iliyolowa ya soko la samaki, mkono umezama ndani ya pampu hadi kiwikoni, viatu vya mpira vya kijani viliposimama mbele yake. Kimoja kilikuwa na kiraka. Kiraka hicho alikibandika yeye mwenyewe.

"Umekonda," alisema mwenye viatu.

Fundi aliinua macho taratibu: gauni la bluu, aproni ya plastiki, ndoo ya chaza mkononi. "Na wewe umenenepa. Umepata wa kukutunza?"

"Nimepata mawazo. Mimi nikiwaza, nakula."

Shangazi wa mwanamke huyo, aliyekuwa akipasua chaza kwenye meza ya jirani, alicheka bila kuacha kisu. "Nyie, watu wanapita na barafu. Gombaneni pembeni!"

Msimu uliopita walikuwa wachumba. Mwanamke alilea vichanga vya chaza kwenye matangi, na fundi aliyajaza maji ya bahari. Kisha vichanga vikaanza kufa, tangi baada ya tangi, magamba yao yameliwa kabla hayajakomaa. Mwanamke akamwambia fundi, mbele ya wafanyakazi wote, kwamba mabomba yake ni machafu. Fundi alikusanya spana zake akaondoka. Tangu hapo, kila pampu iliponguruma mahali, mwanamke aligeuka. Hakuwa yeye.

"Mabomba yako yalikuwa safi," alisema sasa.

Spana iliteleza. "Sema tena. Kuna kelele."

"Umesikia."

"Nimesikia. Nataka kurudiwa."

"Yalikuwa safi, mpenzi. Nilikosea, nisamehe. Ni bahari yenyewe. Moshi wa magari, wa viwanda, wa kila tunachochoma, una hewa ya ukaa, na bahari inaimeza. Maji yanazidi kuwa na asidi. Kichanga kinajenga gamba, maji yanalibomoa."

"Mbona matangi mengine yalipona?"

Mwanamke alitua ndoo chini. Hapo ndipo palipokuwa pagumu kusema.

"Nimepima mchana na usiku," alisema. "Jua likiwaka, mwani hunyonya hewa ile, maji yakapata nafuu. Usiku haunyonyi. Kwa hiyo maji makali kuliko yote ni ya alfajiri. Matangi yaliyopona yalijazwa mchana."

Fundi aliweka spana chini. Ni yeye aliyekuwa akifika alfajiri kujaza matangi, ili mchumba wake akija akute kazi nzito imekwisha. Hakuna aliyemtuma.

"Kumbe niliwaua mimi."

"Hapana. Ulinipenda saa mbaya, basi. Nami nilikuwa nikikuta matangi yamejaa, najua nina mtu." Akainua ndoo. "Hawa ndio wazazi wa mwisho. Watoto wao wakifa, tunafunga kituo cha kulelea."

Fundi alirudisha mkono ndani ya pampu. Mwanamke akaondoka, na hakugeuka nyuma, maana machozi yalikuwa karibu.

Alasiri simu ya mwanamke iliita.

"Jua bado lipo huko?"

"Lipo."

"Basi nifungulie geti, mama chaza. Mabomba haya mazito."

Walifanya kazi bega kwa bega. Fundi alivuta maji. Mwanamke alikoroga magadi kidogo kupunguza asidi, akatumbukiza kipimo, akasoma, akatumbukiza tena. Mikono yao ilikutana ndani ya tangi, na hakuna aliyefanya haraka kuutoa wake. Kisha jua likazama nyuma ya maghala, na baada ya muda kipimo kikaanza kuonyesha asidi inapanda.

"Funga."

"Tangi ni nusu, mpenzi."

"Funga tu. Tutamalizia kesho."

Alifunga koki, akaviringisha bomba polepole kama mtu asiye na pa kwenda. "Kwa hiyo kesho nije alasiri."

Mwanamke alifuta kipimo kwa pindo la gauni, akakifuta tena ingawa kilishakauka.

"Njoo alfajiri," alisema. "Ila pampu usiiguse."