Alama za Maji

Kila maji ya bamvu, yale yanayojaa kupita kawaida, yalipopungua, watu wa mtaa wa chini walichora kwanza kwa mkaa mstari pale maji yalipofika ukutani, ndipo wakaanza kutoa matope. Asubuhi hiyo Pilipili alichora wa kwao, kisha akashika ndoo huku roho ikimuuma.

Kilichomuuma ni Sauti, rafiki yake wa nyumba ya jirani. Mwalimu alikuwa amemchagua Sauti azungumze na injinia, aliyekuwa akija siku hiyo kuamua ukuta mpya wa bahari uishie wapi. Mtaa wa juu, wenye mahoteli, ulikuwa na ukuta wake tangu zamani. Tangu ujengwe, maji yaliyozuiwa kule yalihamia huku kwa wanyonge.

"Mama, kwa nini yeye? Hata mimi najua kusema!"

"Wewe unajua kufoka," mama yake, fundi cherehani, alimtania. "Kusema ni kitu kingine."

Pilipili hakucheka. Kila aliyepita alimsifu Sauti, na kila sifa ilimchoma. Sauti alipoingia kuvaa sare, Pilipili alichukua tambara akafuta mistari yote ukutani kwa kina Sauti, nyumba iliyo karibu zaidi na bahari.

"Tuone atamwonyesha nini," alijisemea.

Injinia alifika. Sauti alieleza vizuri mpaka alipogeuka kuonyesha ukuta wao. Mistari haikuwapo.

"Kule nyuma nimeona mistari," injinia alisema, "lakini mstari wa mkaa mtu yeyote anaweza kuuchora. Nyumba hii ya mbele kabisa haina hata mmoja! Mnanidanganya? Ukuta utaishia sokoni."

Pilipili alifurahi, tena sana. Kisha akamwona mama yake, matope mpaka viwikoni, ameshika kichwa. Ukuta ukiishia sokoni, nyumba yao nayo ingebaki nje. Furaha ikamwisha.

"Injinia, mimi ndiye niliyefuta!" alipaza sauti. "Nilimwonea wivu."

Watu waliguna. Sauti alimkazia macho, lakini hakupoteza muda kugombana.

"Ingia ndani, injinia," alisema. "Nyuma ya kabati hakufutwa."

Plasta ya huko ilikuwa imeliwa, inamomonyoka. Injinia aliikwangua kwa ukucha, akaionja, akatema chumvi. Alipotoka, alipigilia kigingi chake mbele ya nyumba ya kina Sauti.

"Ukuta utapita hapa," alisema.

Jioni Pilipili alikwenda kuomba radhi. Aliporudi, mama yake alimketisha kando ya cherehani.

"Mchimba kisima huingia mwenyewe, mwanangu. Ulitaka kumzamisha mwenzio, tukawa tunazama wote. Wanaotunyima ukuta wako mbali. Wewe ukampiga aliyekuwa akituombea."

"Lakini Mama, bado namwonea wivu kidogo."

"Najua. Wivu hauombi ruhusa kuingia. Ila ukiingia, kaa nao, usiupe mikono yako."